Mkono wa Jenerali

Ukitaka kumwona fundi makochi akipandwa na mori kabla hata ya chai ya asubuhi, mwite Shujaa. Mtaa mzima unalijua hilo, na mtaa mzima humwita hivyo hivyo. Muuza sponji hupaza sauti toka kona ya barabara, "Shujaa, mzigo huo!" Kinyozi wa jirani akija kuazima nyundo huanza na "Shujaa wangu," kana kwamba nyundo haitoki mpaka mwenyewe avishwe kilemba cha ukoka. Naye fundi, misumari midomoni, hujibu lile lile kila siku: "Shujaa alishakufa. Hapa kuna fundi. Sema shida yako."

Watu hucheka, wakidhani ni utani. Si utani hata kidogo. Mtu huyu amekasirika kwa zaidi ya miaka ishirini bila likizo, na hasira yake si ya kurusha viti, ni ya kupigilia misumari. Huwamba kochi kwa namna ambayo mteja akisimama mlangoni hujiuliza kochi lenyewe limemkosea nini.

Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, kinachonuka gundi na vumbi la vitambaa vikuukuu. Katikati husimama kochi lililovuliwa nguo, springi nje, magunia yakining'inia. Kando ya dirisha, penye mwanga, dada yake ameweka cherehani. Yeye hushona vitambaa, kaka huviwamba, na siku nzima wanaweza kufanya kazi bila kusemezana zaidi ya "vuta" na "legeza". Dada huyu ni mjane. Ukimwita mjane mbele ya watu wa jeshi watakusahihisha. Watakuambia mume wake hakufa, alitoroka.

Hapo ndipo hasira ilipoanzia, na afadhali niieleze tangu mwanzo, maana wanaopenda kuisimulia kwenye sherehe huisimulia kwa kuirukaruka.

Fundi na shemeji yake walikuwa platuni moja. Tena huyo shemeji aliupata ushemeji kwa kosa la fundi mwenyewe. Walikuwa wakilala kitanda cha juu na cha chini kambini, fundi akamwalika kwao likizo moja, jamaa akaja na begi lake na miluzi yake, akaondoka na ahadi ya dada. "Nilikukaribisha chai, ukabeba na birika," fundi alikuwa akimtania. "Vikombe nitavifuata mwakani," shemeji alikuwa akijibu. Alikuwa mtu wa maneno mengi na shabaha nzuri, akapewa bunduki ya rashasha. Fundi alikuwa koplo, akibeba redio ya mawasiliano. Kapteni wao askari walimwita Darubini, kwa sababu vita alikuwa akiviona kwa darubini tu, kwa mbali, amekaa.

Vita viliwafikisha kwenye kiwanda cha matofali kilichohamwa, nje kidogo ya mji. Asubuhi moja walishambuliwa kutoka pande mbili. Askari watatu walijeruhiwa ndani ya tanuri kubwa la kuchomea matofali. Shemeji alikuwa nao humo, mzima wa afya, rashasha yake dirishani. Darubini, aliyekuwa kilimani nyuma, akatoa amri kwenye redio: wote warudi nyuma, walioko tanurini waachwe. Fundi aliisikia amri ile vizuri sana, maana redio ilikuwa mgongoni kwake. Akaivua, akaitua chini kama mtu anayetua mzigo wa kuni, akarudi kulikokuwa na moto.

Alivuka uwanja ule mara tatu, na kila mara alitoka na mtu begani. Hakuna risasi iliyomwogopa. Alivuka kwa sababu shemeji alikuwa dirishani akiwafanya wale wa upande wa pili wainamishe vichwa. Mara ya tatu, fundi alipokuwa akimwinua majeruhi wa mwisho, shemeji alimwambia bila kugeuka, "Mpeleke huyo. Mimi nitakuja kwa miguu yangu. Nikibebwa na shemeji nitachekwa." Fundi alikuwa amefika ng'ambo ya uwanja kombora lilipoangukia tanuri. Akakimbia kurudi, akakuta rundo la matofali. Alichimba kwa mikono mpaka risasi ikamvunja nyonga, na wenzake wakamburuta kumtoa pale akiwatukana.

Sasa Darubini akawa na tatizo. Kapteni hawezi kusema aliamuru watu waachwe wakati mmoja wao bado anapigana. Kwa hiyo akasema kwamba tanurini walikuwamo majeruhi watatu tu, kwamba wa nne alikuwa ametupa bunduki na kutoroka tangu mwanzo, na kwamba koplo alirudi kuwaokoa wenzake kwa ujasiri mkubwa, kwa amri ya kamanda wake. Maneno hayo matano ya mwisho ndiyo yaliyompandisha Darubini cheo. Katika wale watatu waliobebwa, mmoja alifia hospitali, na wawili walikuwa hawana fahamu siku ile. Wakabaki mashahidi wawili, kapteni mwenye nyota mabegani na koplo mwenye homa.

Fundi aliusema ukweli akiwa kitandani, wakamwambia ni homa. Akausema tena akitembea kwa magongo, wakamwambia anavunja nidhamu, wakamweka mahabusu. Halafu, usicheke, wakamtoa mahabusu wakamvisha nishani. Mtu yule yule! Kwa kinywa alikuwa mwongo, kwa kifua alikuwa shujaa.

Dada yake alikuwa mjamzito. Aliambiwa aondoke kwenye nyumba za kambi, kwa kuwa nyumba zile hazikujengwa kwa ajili ya wake wa watoro. Alitoka na godoro kichwani huku wake za askari wenzake, aliokuwa akisukana nao nywele, wamefunga madirisha. Mama mkwe wake aliitoa picha ya harusi ukutani. Hakupewa siku ya kulia, maana mtoro haliliwi. Mtoto akazaliwa, msichana, akakua, akapelekwa shule, na kabla hajajua kuandika jina lake alishajua anaitwa mtoto wa mtoro. Leo hii binti yule ni mwuguzi, yuko mbali, na akijaza mahali palipoandikwa "baba" hupaacha wazi.

Fundi akaacha jeshi, akajifunza kazi ya makochi, na akala yamini: nishani ile haitagusa kifua chake tena.

Sasa nishani yenyewe ni ya juu kabisa, na ina desturi yake. Mtu aliyeivaa hupigiwa saluti kwanza na kila mwanajeshi, awe nani, hata jenerali, na anayempigia hashushi mkono mpaka mwenye nishani ajibu. Wakubwa, Darubini akiwemo, huipenda desturi hiyo, kwani picha yake hutoka vizuri: mkubwa mwenye mapambo begani akimnyooshea mkono koplo mlemavu. Kwa hiyo kila mwaka, siku ya gwaride kuu, walimtumia mjumbe fundi. Na kila mwaka fundi aliwafukuza.

"Niuvae uongo kifuani, halafu niupigie na saluti?" alikuwa akiwaambia. "Ondokeni, nina kochi la watu hapa."

Dada yake alikuwa akisimamisha cherehani na kupiga makofi. "Waambie, kaka! Waambie tena, hawajasikia!" Jioni ya siku kama hizo walikula kwa raha ya ajabu, wakirudiarudia namna mjumbe alivyofyata mkia. Hasira ilikuwa chakula chao, na kwa kweli ilikuwa na ladha.

Mwaka huu mjumbe alikuwa luteni kijana, suruali yake imepigwa pasi mpaka ukingo wake ungeweza kukata mkate. Aliingia karakana, akasalimia vizuri, "Shikamoo mzee, shikamoo mama," akakaa bila kuangalia kwenye kochi lililobaki springi tupu. Lilimnasa suruali nyuma. Fundi alimwangalia akihangaika na hakunyanyua hata kidole.

"Darubini anastaafu," luteni alisema alipojinasua nusu, kisha akajisahihisha haraka, "yaani, Jenerali. Anaomba uhudhurie gwaride lake la kuagwa. Na nishani, mzee. Anasisitiza nishani."

"Anataka kugombea," alisema fundi.

"Hayo mimi siyajui, mzee."

"Unayajua. Hata huyu kinyozi hapa jirani anayajua. Anataka picha ya kubandika kwenye nguzo za umeme. Mwambie abandike darubini yake."

Luteni akatoa simu, akabonyeza, akaongea kwa sauti ya chini, kisha akamnyooshea fundi. Kabla fundi hajaisukuma, dada akanyanyuka kwenye cherehani. "Weka spika," alisema.

"Koplo!" sauti ya Jenerali ikajaa chumba. "Habari za siku nyingi?"

"Siku unazijua mwenyewe."

"Ninaondoka, ndugu yangu. Tusiagane kwa kinyongo. Wewe na mimi tumetoka mbali."

"Mimi nilitoka tanurini. Wewe ulitoka kilimani."

Luteni akainamisha uso. Dada akaisogelea simu kama mtu anayesogelea jiko la moto. "Mimi ni mke wa yule wa nne," alisema. "Siku hiyo ya kuagwa utakuwa na kipaza sauti. Utasema mume wangu hakutoroka? Nijibu hilo tu, sitaki mengine."

"Mama," Jenerali alisema kwa upole, "nitalisema. Siku hiyo hiyo, mbele ya wote. Nakuahidi. Lakini kaka yako aje, na nishani aivae."

Luteni alipoondoka na suruali yake iliyotoboka, fundi alitema misumari yote kwenye kiganja. "Anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Humjui wewe."

"Namjua kuliko wewe," alisema dada. "Wewe amekupa nishani, mimi amenipa utoro. Lakini akishavua zile nguo, neno lake litakuwa neno la mzee yeyote anayezeekea barazani. Kama si sasa, basi tena. Ivae, kaka. Sijawahi kukuomba kitu."

Ilikuwa kweli, hakuwahi. Fundi alimeza kiapo chake, kikamkwama kooni, akakisukuma.

Siku ya gwaride walikaa safu ya mbele, kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe ambavyo dada, kwa mazoea, alivikagua mishono na kuviona vibaya. Alikuwa amejishonea gauni jipya la buluu. Fundi alivaa suti iliyombana na bereti yake ya zamani, na nishani ikining'inia kifuani ikimkera kama kupe. Askari walipanga mistari, bendi ikapiga, wapiga picha wakakimbia huku na huko.

Mshereheshaji akasimulia ushujaa wa koplo kwa sauti ya mtu anayetangaza mpira. Alipofika mwisho akavuta pumzi na kuyatamka yale maneno matano: "kwa amri ya kamanda wake!" Watu wakapiga makofi. Fundi alisaga meno. Dada akamshika mkono. "Subiri," alimnong'oneza. "Bado hajasema."

Jenerali akapanda jukwaani. Alikuwa amenenepa, mvi zimemkaa vizuri, na kwenye kola amebanwa kipaza sauti kidogo ili mikono yake ipate nafasi ya kuhutubia. Akashukuru wakubwa. Akashukuru mke wake. Akazungumzia maji, barabara na vijana, mambo ambayo hayamhusu mwanajeshi anayestaafu ila yanamhusu sana mtu anayetafuta kura. Dada alikuwa ameegemea mbele, midomo wazi kidogo. Hatimaye Jenerali akashusha sauti. "Na wapo wengine," alisema, "ambao hatukuwataja. Historia itawakumbuka wote." Kisha akawatakia watu heri na kufunga.

Dada aligeuka polepole kumtazama kaka yake. "Ndiyo hiyo?" aliuliza. "Kaka, ndiyo hiyo aliyoniahidi?"

Jenerali alikuwa ameshashuka ngazi na anakuja moja kwa moja kwake kwa ajili ya picha, wapiga picha wakirudi kinyumenyume mbele yake. Fundi akasimama, nyonga ikimuuma. Jenerali akagonganisha buti, akanyanyua mkono, akaupeleka penye kofia. Ilikuwa saluti safi kabisa. Kamera zikalia.

Fundi akaiacha mikono yake ilipokuwa, ubavuni.

Mwanzoni watu walidhani mzee amechelewa. Jenerali naye alitabasamu. Halafu tabasamu likaanza kumchosha. "Jibu, Koplo," alisema kwa meno yaliyobana, kwa sauti ndogo kabisa, na kipaza sauti cha kwenye kola, ambacho hakuna aliyekumbuka kukizima, kikaichukua sauti ile na kuitapika uwanja mzima: JIBU, KOPLO.

Kicheko kikaanza nyuma, kikafa. Askari kwenye mistari walikuwa wamesimama wima, macho mbele, na kila mmoja wao aliijua desturi. Mkono haushuki.

"Shemeji yangu alifia wapi?" aliuliza fundi.

"Tutaongea baadaye. Unaniaibisha." UNANIAIBISHA, vikasema vipaza sauti.

"Mimi sina haraka," alisema fundi. "Mwenye mkono juu ni wewe."

Jua lilikuwa kali na Jenerali hakuwa kijana. Jasho lilimtoka chini ya kofia, likamwingia jichoni, na hakuweza kulifuta. Kiwiko kikaanza kutetemeka. Mkono wa kushika darubini haukuzoea kazi hiyo. Alitazama pembeni, akawaona wapiga picha, akaona kwamba akiushusha, picha ya jenerali aliyeivunja heshima ya nishani siku ya kuagwa kwake ndiyo itakayobandikwa kwenye nguzo za umeme.

"Alifia tanurini," alisema.

"Alitoroka?"

"Hakutoroka."

"Nani aliniamuru nirudi tanurini?"

Mkono ulikuwa ukitetemeka mpaka begani. "Hakuna," alisema Jenerali. "Niliamuru muwaache. Hakuna aliyekuamuru." Na uwanja mzima, mpaka wauza maji nje ya ukuta, ukasikia.

Fundi akajibu saluti. Jenerali akashusha mkono, akaushika kwa mkono wa pili kama kitu kilichovunjika, akaondoka bila kumtazama mtu. Kelele zikalipuka. Fundi aligeuka kwa dada yake, kifua kimejaa, akitarajia kumkuta analia. Kwake kazi ilikuwa imekwisha. Alitaka kumwambia, "Umesikia?"

Dada hakuwa akilia. Alikuwa amesimama na mkoba wake mkononi, uso mkavu.

"Ni hivyo tu?" aliuliza.

"Kasema yote, mdogo wangu. Mbele ya wote."

"Nimesikia. Nauliza, ni hivyo tu? Mkono kuchoka tu?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na ilimtisha fundi kuliko ukelele. "Hukumpiga. Hukwenda mahakamani. Umesimama tu, na hicho kitu kifuani, muda wa maji kuchemka."

"Sikujua kama—"

"Kila mwaka walikuja kukuita. Kila mwaka, kaka. Na desturi uliijua, uliwahi kunieleza mwenyewe. Ukawafukuza, nami mjinga nikakupigia makofi. Mwanangu alikuwa darasa la kwanza walipoanza kumwita mtoto wa mtoro. Mama mkwe wangu amekufa akiamini alizaa mtoro. Na wewe nishani unayo, unaona uchungu kuivaa!"

"Nilikuwa nimeapa. Kwa ajili yenu."

"Kwa ajili ya hasira zako," alisema dada. "Zilikuwa tamu, hata mimi nilizila. Usinifuate. Nataka kwenda kumpigia mwanangu simu nikiwa peke yangu."

Akageuka, gauni la buluu likapenya kati ya viti. Fundi akataka kumfuata, akapiga hatua moja, na mbele yake akasimama yule luteni kijana, buti zimebanwa pamoja, macho yamejaa machozi, mkono umenyooka penye bereti. Hakushusha. Fundi akamjibu haraka, akapiga hatua nyingine. Akasimama sajini, mkono juu. Nyuma ya sajini wengine walikuwa wanavunja mistari na kuja, vijana wadogo ambao hawakuwa wamezaliwa siku ya tanuri, kila mmoja akisimama mbele yake, akinyoosha mkono na kungoja. Akamjibu huyu. Akamjibu na yule. Kila alipochungulia juu ya mabega yao aliiona buluu ikizidi kuwa ndogo kuelekea getini, na kila mara kulikuwa na mkono mwingine unaomngoja.

Alipopata nafasi ya kupita, getini hakukuwa na mtu.